Kosa la Jini

Wiki iliyopita wanangu walibomoa jiko langu la nyuma, jengo la mwisho pale nyumbani lililokuwa limebaki na makuti, ili waliezeke mabati. Mimi walinikalisha kitini mbali kidogo, nisije nikaangukiwa na fito. Kuti la kwanza lilipoteremka, jeusi kwa moshi na limejaa vumbi la miaka, harufu yake ilinifikia pale nilipo na nikajikuta nacheka peke yangu. Kijana wangu mdogo akamuuliza mwenzake kama mama yuko salama. Niko salama. Ila harufu ya kuti kavu haijawahi kunipita bila kunirudisha kijijini kwetu Ole, kwenye kiangazi kile ambacho baba yangu alikaribia kufungwa, na mimi mwanawe nikamshukuru Mungu kwa sababu isiyokuwa na kichwa wala miguu.

Nyinyi wa rika langu mnazikumbuka siku zile. Zilikuwa siku za siasa, mtu akikohoa barazani watu wanataka kujua kakohoa kwa chama gani. Waliokula sinia moja miaka na miaka wakaacha kusalimiana, wengine hata kuzikana wakaacha. Baba yangu na jirani yetu, Mzee Shaame, hawakuwa na ugomvi wa siasa. Wao walikuwa na wao wa zamani, wa mpaka, kwa sababu mnazi uliokuwa alama ulianguka na kila mmoja akaukumbuka ulikuwa mahali pengine. Lakini siasa ilikuwa imewafanya watu wote wakavu, na jambo dogo likiguswa na cheche halikai dogo tena.

Baba alikuwa na mkono wa mikarafuu. Mtu akiona mkarafuu wake unapukutisha majani, alikuwa akimwita yeye kwanza. Wachumaji wakija kwetu aliwasimamia kuliko watoto wake, maana kuvunja tawi la mkarafuu kwake kulikuwa sawa na kuvunja mkono wa mtu. Basi mwisho wa vuli, mvua ikiwa inaaga, Mzee Shaame akapanda miche kama thelathini, safu ya kwanza ikiwa karibu kabisa na mpaka wetu. Baba akapita, akasimama, akaitazama, kisha akasema mbele ya watu waliokuwa wakipumzika dukani: "Miche hii haioni masika." Hakuongeza neno. Yeye alikuwa na maana kwamba miche imepandwa wakati mbaya na jua la kaskazi litaimaliza. Mzee Shaame alisikia, akanuna, kisha akafanya la akili. Kila mche aliujengea kibanda cha makuti mawili yaliyoegemezana, akayafunga juu kwa kamba ya usumba wa nazi kwa fundo lake lenye masikio mawili, ambalo hakuna mwingine Ole aliyekuwa akilifunga. Alipomaliza akasafiri kwenda kisiwa cha Fundo kumtazama binti yake aliyejifungua.

Sasa nije kwangu mimi. Mimi nilikuwa na nyumba yangu nyuma ya kichaka cha mpakani, nyumba ya vijiti vinne, na ndani yake nilikuwa na mtoto wa bunzi la muhindi, nimemvika kitambaa cha kanga iliyochakaa. Nilikuwa na vifuu vya kupikia, mchanga ndio mchele, na majani ya mchicha ndiyo samaki. Nyumba ilikuwa na kila kitu isipokuwa paa. Jua la kaskazi likipanda, mtoto wangu alikuwa akiungua mbele ya macho yangu, na mama gani atakaa kitako anamtazama mwanawe anaungua? Nikachungulia upande wa pili. Nikaona makuti mazuri, mapya, yamefunika vijiti vyenye majani manne manne. Nikasema moyoni, mti una haja gani na nyumba. Nikayachukua ya vibanda tisa vya safu ya mbele, mawili mawili, yakiwa na mafundo yake hivyo hivyo. Nyumba yangu ikawa na kivuli mpaka ukumbini. Siku ile nililala kwa raha ya mtu aliyehamia kwake.

Mzee Shaame alikaa Fundo zaidi ya wiki. Aliporudi, miche tisa ilikuwa imekauka imekuwa rangi ya tumbaku. Alipiga ukelele ambao mama aliusikia jikoni. Watu wakakusanyika, na wazee wakaitazama ile miche, wakatikisa vichwa. Mtu mwenye hasira za kawaida, walisema, angekuja na panga akaifyeka. Huyu hakugusa hata jani. Aliondoa kivuli tu na akaliacha jua likamfanyia kazi, kwa hiyo huyu ni mtu anayeujua mkarafuu. Mzee Shaame hakuwa na haja ya kuambiwa zaidi. Alikuwa ameyabeba yale maneno ya dukani kifuani mwake kama mwiba, na sasa yakawa ushahidi. Ujinga wangu mimi, mtoto wa miaka saba au minane, ulikuwa umeonekana kuwa ujuzi wa baba.

Siku za nyuma jambo kama lile lingekwenda kwa sheha wa kijiji, watu wakanywa kahawa, wakalaumiana, wakasomeana fatiha. Mwaka ule halikwenda hivyo. Asubuhi moja askari alikuja na baiskeli kutoka Chake, sheha akitembea nyuma yake uso umemshuka. Baba alikuwa anaanua majamvi. Askari, ambaye alisema Kiswahili cha shule kilichonyooka, akatoa karatasi, akasoma kwa sauti kwamba baba anashitakiwa kwa kosa la jinai, la kuharibu mali ya mtu kwa makusudi. Mimi nilikuwa nimejibanza nyuma ya pipa la maji. Nilipomwona askari, makuti yangu yote yalinijia akilini. Ndipo nikalisikia lile neno. Kosa la jini.

Sijui niwaeleze vipi nafuu niliyoipata. Mimi nilikuwa mtoto wa chuo cha Kurani, majini nilikuwa nawajua kwa makabila yao. Nilijua wako waislamu na wako makafiri, wako wa baharini na wako wa kwenye mibuyu, na nilijua jini akikasirika hukausha mti, hukausha hata mkono wa mtu. Kumbe miche ya Mzee Shaame ilikaushwa na jini, na Serikali yenyewe, pamoja na elimu yake yote, imeandika hivyo kwenye karatasi. Kosa ni la jini. Baba anaitwa tu akaeleze alivyoona. Askari alipomwambia baba apande naye mpaka kituoni, nilimpungia mkono. Jioni ile baba alirudi, sheha kamdhamini, na siku ya kesi ikawekwa wiki mbili mbele. Chakula hakikulika. Mama alisuka ukili wa mkeka mpaka vidole vikamchubuka, na ule ukili ulikwenda upande, mama yangu ambaye ukili wake ulikuwa ukinyooka kama mstari. Mimi nilikula vizuri sana.

Ila nilimwonea huruma Mzee Shaame, kwa sababu jini aliyekausha tisa anaweza kurudi akaikausha ishirini iliyobaki. Kwa hiyo siku moja asubuhi nikafungua kibweta cha mama, nikaiba ubani, nikachukua kaa la moto katika kifuu, nikaenda kumbembeleza jini pale kwenye miche iliyokufa. Nilikuwa nimechutama napuliza, nasoma Kulhuwallahu kwa sauti, mama aliponikuta.

Aliniuliza nafanya nini. Nikamwambia namfukizia jini wa kesi ya baba.  Mama akakaa chini palepale kwenye majani makavu, jambo ambalo mama yangu hakuwa akilifanya na nguo safi.

"Jini gani, mwanangu? Jinai. Si jini. Jinai ni kosa alofanya ntu kwa kusudi, na anonshitaki babako si Mzee Shaame tena, ni Serikali. Wanasema kaja hapa babako, kavua makuti haya kusudi yua liue miche. Wakisadiki, atafungwa."

Nikamuuliza kama jua linaua miche. Akasema miche michanga ndiyo, haivumilii, ni kama mtoto mchanga, ndiyo maana ikajengewa. Kama mtoto mchanga. Neno hilo liliingia ndani yangu likakaa, na kila kitu nilichokuwa nimekipanga vizuri kichwani kikaanguka kimoja kimoja. Hapakuwa na jini. Palikuwa na baba yangu, na jela, na mimi. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nililia bila kutaka mtu anibembeleze. Nikamshika mama mkono nikampeleka nyuma ya kichaka nikamwonyesha nyumba yangu.

Nilidhani nimeshamwokoa baba. Mama alimweleza mchana ule ule, na baba akaja, akayatazama makuti na mafundo yake, akamnyanyua mtoto wangu wa bunzi aliyeanguka kifudifudi, akamlaza vizuri. Halafu akasema hapana. Nani atasadiki, alisema. Watasema kaona jela inakuja, kayachukua makuti mwenyewe kajenga kibanda, kamfundisha mtoto maneno ya kusema. Na hata wakisadiki, hatamsimamisha binti yake mbele ya hakimu ajitie hatiani kwa ajili yake. Sauti yake ilikuwa ya upole, na upole ule ndio uliomtisha mama. Nilikuwa nikimpenda baba kwa namna watoto wanavyopenda, bila kufikiri. Siku ile nilifikiri.

Mama hakubishana naye. Alimngojea aende kusali alasiri, akavaa buibui lake, akaniosha uso, akanishika mkono tukavuka mpaka. Mwaka mzima mguu wake haukuwa umekanyaga kwa Mzee Shaame. Alipiga hodi mara ya kwanza, kimya. Mara ya pili, tukasikia mtu anakohoa. Mara ya tatu ndipo tukajibiwa karibu, karibu kavu isiyokuwa na mkeka. Mzee Shaame alikuwa mrefu, ndevu nyeupe, jicho moja lina chongo kidogo, na mimi nilimwamkia shikamoo. Mama hakuketi. Alimwambia kwamba hakuja kuomba msamaha wala kuomba kesi ifutwe, amekuja kumwomba aende hatua mia tu akatazame kitu kwa macho yake, kisha afanye alivyotaka.

Alikwenda. Aliinama akaingia nyumbani kwangu kwa magoti, kimo chake kimekunjika mara tatu, akanyoosha mkono juu akaligusa fundo. Akaligusa na la pili. Aliyapitia yote tisa, taratibu, na kila alipolipata lile fundo lake la masikio mawili mabega yalimshuka. Akakaa kitako. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni sijui la kufanya, na kwa kuwa nilifundishwa kwamba mgeni akikaa haachwi hivi hivi, nikachukua kifuu, nikamimina mchanga wa chai, nikampa kwa mikono miwili.

Akanitazama kwa lile jicho zima. "Ina sukari?"

"Imekwisha dukani, babu."

Akakipeleka kifuu mdomoni akakirudisha chini kwa heshima zote. Nilipoona machozi yanaingia kwenye ndevu zake nikadhani chai yangu ni mbaya. Akamgeukia mama, akasema polepole, "Miye babake ntoto huyu nilishanfunga moyoni mwangu siku ile ile, kabla ya Serikali. Sikuuliza. Hata kuuliza sikuuliza."

Kesho yake asubuhi alikwenda mwenyewe Chake kuitoa kesi yake. Akarudi adhuhuri na habari iliyotuvunja moyo. Pale kituoni walimwambia kesi si yake tena. Ng'ombe ukishamuuza, bei ikikuuma huwezi kurudi ukamchukua zizini kwa mwenyewe, ndivyo alivyotueleza yeye. Jinai ni ya Serikali, na Serikali haikuona kibanda chochote, imeona miche tisa iliyokufa na maneno ya dukani. Itabidi hakimu asikie. Baba alinitazama, akamtazama Mzee Shaame, na safari hii hakusema hapana. Mzee Shaame alikuwa amekwisha kusema kwamba atasimama karibu na mtoto yeye mwenyewe, na tuone nani atasema kafundishwa.

Siku ya kesi tulitoka Ole baada ya sala ya alfajiri, kwa miguu, baba mbele na kofia yake nzuri, mimi na mama katikati, Mzee Shaame nyuma amebeba kuti moja lenye fundo lake begani kama mtu aendaye kuezeka mahakama. Ndani ya mahakama mlikuwa na benchi refu, karani, na hakimu mwenye miwani ambaye nilimtafuta pembe kichwani kwa sababu bado sikuwa na hakika kwamba jinai na jini hawana udugu. Baba aliulizwa kuhusu yale maneno ya dukani. Akasema ndiyo aliyasema, na angeyasema tena, kwa sababu miche hupandwa mvua ikija haipandwi ikiondoka, na kama kusema kweli kuhusu mkarafuu ni kitisho basi Ole nzima imfunge. Mwendesha mashitaka akataka kuandika kitu. Mzee Shaame akasimama bila kuitwa, akaambiwa akae, akakataa kukaa mpaka akaapishwa, kisha akalionyesha lile fundo na kueleza alikolikuta. Halafu wakaniita mimi.

Hakimu aliniuliza kama ni mimi niliyechukua makuti. Nikasema ni mimi. Akaniuliza kwa nini.

"Mwanangu alikuwa anaungua jua."

"Mwanao gani?"

"Wa bunzi."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka, na kwa hilo nimemwombea dua maisha yangu yote. Aliinama mbele akaniuliza kwa sauti ya chini, kama tuko wawili tu, kama nilijua kwamba miche nayo itaungua. Nikamwambia sikujua. Nikamwambia lau ningejua kwamba nayo ni michanga ningechukua nusu tu, nikaiachia kuti moja moja.  Baba alikuwa ametazama chini na kofia yake alikuwa ameishika mikononi.

Hakimu akazungumza na mwendesha mashitaka kidogo, kisha akasema maneno ambayo karani aliyaandika na mimi niliyaelewa miaka mingi baadaye, ingawa siku ile nilielewa la kutosha. Alisema mali imeharibika, hilo halina shaka. Lakini sheria haimwiti mtu mhalifu kwa kuwa kitu kimeharibika, inamwita mhalifu kwa kuwa alikusudia kukiharibu, na mbele yake leo haoni aliyekusudia. Mshitakiwa hakugusa. Aliyegusa ni mtoto, na hakujua. Akamwachia baba. Kisha akavua miwani, akawaambia wale wazee wawili kwamba hasara ya miche bado ipo, hasara haiondoki kwa kuwa haikukusudiwa, ila hiyo ni ya majirani na anatumaini majirani wataimaliza wenyewe bila ya baiskeli ya askari.

Njiani kurudi mama alimsimulia Mzee Shaame habari ya ubani na kosa la jini. Alicheka mpaka akakaa kando ya njia, baba akalazimika kumpokea lile kuti. Kutoka hapo mpaka Ole wakaenda bega kwa bega wanabishana kuhusu ule mnazi ulioanguka, kila mmoja akiwa na mahali pake pale pale. Mama akaninong'oneza nisijali, watu wanaobishana hivyo hawagombani.

Masika yalipoingia, baba aliipanda upya miche tisa kwa mkono wake, katika shamba la Mzee Shaame, na kazi ya kuitazama nilipewa mimi. Hakuna aliyeiita adhabu. Kiangazi kilichofuata niliichotea maji kisimani, nikaijengea vibanda, na Mzee Shaame akanifundisha fundo lake. Ilipokuwa imeshika, akaleta mche wa kumi, akauita wangu. Walishindwa kukubaliana wapi ulikuwa ule mnazi wa alama, kwa hiyo wakagawanya tofauti katikati na mche wangu ukapandwa hapo, uwe mpaka. Toka siku hiyo Mzee Shaame hakuniita kwa jina langu tena. Akiniona natoka chuoni alikuwa akiita kwa sauti mpaka wa dukani wanasikia, "Jini langu hilo laja." Mkarafuu ule nao akauita wa jini.

Baba hayupo, mama hayupo, Mzee Shaame alitangulia kabla yao. Miche tisa mingine ilizeeka ikafa, kama mikarafuu inavyokufa. Ule wa mpakani upo, mkubwa kuliko wenzake wote, na hauna hata kovu moja la tawi kuvunjwa. Mwaka jana niliuliza mbona wachumaji wameuheshimu hivyo. Kijana mmoja, ambaye hata babu yake simjui, akanisogelea akaniambia kwa upole nisiukaribie sana, bibi, mti ule ni wa jini, tangu zamani, na atakayeuharibu kwa kusudi jini lenyewe litamtokea. Nikamshukuru kwa kunionya. Kisha nikaenda nikakaa chini yake, kwenye kivuli, mpaka jua likapungua.